Pindo la Barua Pepe

Wapo mafundi ambao kazi yao haikupata hata jina. Miongoni mwao ni wale waliokesha mbele ya kompyuta, mwishoni mwa miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000, wakitengeneza karatasi za barua pepe: ukingo wa majani, maua yaliyofifia, rangi ya anga nyuma ya maneno. Outlook Express, iliyotoka pamoja na Internet Explorer 4 mwaka 1997, iliruhusu barua ivalishwe hivyo, na waliotumia Windows XP walizikuta karatasi zilizo tayari, kama Ivy, Sunflower na Citrus Punch. Wengi waliridhika na hizo. Wachache walifungua Paint Shop Pro wakachora za kwao. Hao ndio ninaowasifu, kwa kuwa walikuwa wakimwandalia mahali pa kusomea mtu ambaye hawakuiona kompyuta yake.

Tazama ukingo wa kushoto unavyotengenezwa. Fundi hachori ukurasa mzima. Huchora utepe mmoja, tuseme wenye upana wa pikseli 1400 na kimo cha pikseli 100. Nakshi yake huiweka katika pikseli 120 za kwanza upande wa kushoto. Sehemu iliyobaki huijaza rangi moja iliyopoa. Programu ya barua huuchukua utepe huo na kuurudia kwenda chini hadi barua iishe, iwe ya mistari mitano au ya kurasa tano. Upana wote huo una sababu. Skrini nyingi za wakati ule zilikuwa na pikseli 800 au 1024 kwa upana, na utepe mfupi kuliko dirisha hujirudia kwenda kulia pia, ukingo wa pili ukachomoza katikati ya maneno.

Halafu kuna mshono. Ua lililokatwa chini ya utepe lazima liendelee palepale juu ya utepe unaofuata, la sivyo mstari utajitokeza kila baada ya pikseli 100, na jicho likishauona haliuachi. Dawa yake ni kuikata picha nusu kwa nusu na kuzibadilisha nafasi: ya juu ishuke, ya chini ipande. Kingo zilizokuwa nje sasa zinakutana katikati, na mshono uko wazi kabisa. Hapo fundi hushika brashi ya kunakili, akaazima jani hapa na kivuli pale, akauziba taratibu. Kingo mpya za nje hazimpi taabu, maana zilikuwa zimeungana tangu picha ilipochorwa.

Mwanamke wa pwani anayechagua kanga angeielewa kazi hii bila kuelezwa. Kanga ina pindo, ina mji, ina jina; hata mji ukichanua maua ya kila rangi, jina hutengewa nafasi yake safi, kwa sababu litasomwa. Barua nayo hudai nafasi hiyo. Ndiyo maana picha ya nyuma hufifishwa mpaka mchoraji mwenyewe aione kama imemharibikia, kumbe sasa ndipo inapofaa. Pambizo la kushoto huwekwa pikseli 140 hivi, ili herufi zisipande juu ya nakshi. Na fonti huchaguliwa ile ambayo mpokeaji huenda anayo, kama Georgia au Verdana. Hati ya madaha ambayo mtumaji ameipakua jana, huko iendako itabadilishwa kimyakimya.

Kwa mtumaji kila kitu hupendeza, kwa sababu picha iko kwenye diski yake. Ili imfikie mwenzake, lazima isafiri ndani ya barua yenyewe. Kanuni za MIME, ambazo Nathaniel Borenstein na Ned Freed waliziandika mwaka 1992, ndizo zinazoiwezesha kugeuzwa kuwa herufi za kawaida, kila baiti tatu zikawa herufi nne. Kwa hiyo picha ya kilobaiti 300 huondoka na uzito wa kilobaiti 400. Kwa modemu ya kilobiti 56 kwa sekunde hiyo ni karibu dakika nzima, laini ikiwa njema. Huku kwetu, kabla ya mikongo ya baharini kufika Mombasa na Dar es Salaam mwaka 2009, wengi walisomea barua zao kwenye intaneti kafe zilizotoza kwa muda. Mapambo ya mtumaji yalilipiwa na msomaji. Fundi mwenye adabu aliubana utepe wake hadi kilobaiti chache.

Tena aliweka rangi ya akiba chini ya picha. Mtu aliyeandika kwa herufi nyeupe juu ya picha ya usiku, asiweke rangi nyeusi chini yake, alihatarisha barua nzima: picha ikikwama, mpokeaji hufungua ukurasa mweupe ambao maneno yote yamo na hakuna hata moja linaloonekana.

Mambo yamebadilika. Outlook ya mwaka 2007 ilianza kuonyesha barua kwa injini ya Word, na picha nyingi za nyuma ya maneno zikapotea humo. Zikaja simu, ambazo kwenye skrini zake ukingo wa pikseli 120 unaweza kumeza theluthi ya upana. Wapo watakaosema ni heri, wakikumbuka vipepeo wanaorukaruka na muziki unaoanza bila kuombwa. Hawakosei, karatasi nyingi zilikuwa za kuchosha macho. Lakini ufundi haupimwi kwa waliouvuruga.

Thunderbird bado inaruhusu kuweka picha nyuma ya barua. Atakayejaribu atalazimika kujiuliza maswali ambayo mtumaji wa kawaida hayajali: skrini ya huyu ndugu ina upana gani? Laini yake ina nguvu kiasi gani? Picha isipofika, atasoma nini? Siku hizi mtu hutuma ujumbe mia asijiulize hata swali moja kati ya hayo. Ningekuwa mwalimu wa kompyuta, ningemfundisha kijana kuchora utepe huu kabla ya kumwonyesha namna ya kuwaandikia watu elfu kwa mkupuo.