Siri na Faragha: Kutoka Azimio la Arusha hadi Daftari la Maadili

Maneno siri na faragha hutumiwa mara nyingi kama kwamba maana yake ni moja. Faragha ni kujitenga kwa mtu bila kubughudhiwa. Siri ni jambo linalofichwa wengine, pengine hata wenye haki ya kulijua. Tofauti hiyo yaonekana vema katika masharti ya uongozi ya Azimio la Arusha, lililotangazwa tarehe 5 Februari, 1967.

Kiongozi wa TANU au Serikali alikatazwa kuwa na hisa katika kampuni, kuwa mkurugenzi wa kampuni ya kibepari, kupokea mishahara miwili au zaidi, na kuwa na nyumba ya kupangisha. Uzuri wa masharti hayo ni kiasi chake: hayakuugusa ugonjwa wa mtu wala barua zake, bali mali pale inapokutana na madaraka. Lakini fasili ya kiongozi ilimjumlisha na mwenzi wake. Hivyo mtu asiye na cheo alifungwa na cheo cha mwenziwe. Sababu yake yaeleweka, kwani nyumba huandikishwa kwa jina lolote. Hata hivyo faragha ya asiye na madaraka ilipungua.

Masharti hayo yalilegezwa Zanzibar mwaka 1991. Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma ya mwaka 1995 haikulirudisha katazo, bali humtaka kiongozi atamke mali yake, ya mwenzi wake, na ya watoto wake wadogo wasiooa wala kuolewa. Raia aweza kulikagua daftari la matamko, lakini kwa masharti.

Badiliko hili ni kubwa kuliko linavyoonekana. Katika Moshono, pembezoni mwa Jiji la Arusha, nyumba yenye wapangaji haifichiki. Chini ya katazo, jirani aliyejua ni ya nani alikuwa shahidi tosha. Chini ya tamko, kuiona nyumba hakutoshi. Lazima ijulikane kama imeandikwa. Nyumba njema si mlango, na hapa mlango ni daftari.

Ibara ya 16 ya Katiba na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 zamlinda mkazi wa Moshono, na ndivyo ipasavyo. Lakini daftari la wenye madaraka likifunguka kwa shida, kinacholindwa humo si faragha tena. Ni siri, na yafaa iitwe kwa jina lake.