Sifa za Chokaa

Katika mafundi wote walioijenga pwani yetu, ninayemsifu kwanza ni mchoma chokaa. Seremala wa milango ya Lamu na Unguja ameshasifiwa sana, na anastahili, maana nakshi zake humwita kila apitaye. Kazi ya mchoma chokaa imezama ndani ya ukuta, na wengi huipita wakidhani ni rangi nyeupe tu. Lakini bila yeye Msikiti Mkuu wa Kilwa usingesimamisha makuba yake, na Mji Mkongwe usingepanda ghorofa hata moja.

Malighafi yake ya zamani ilikuwa matumbawe. Mnyama mdogo wa baharini huchota kalisi na kabonati katika maji ya chumvi na kujijengea jiwe la kuishi. Ndani ya jiwe hilo mna vifungo vya aina mbili. Kabonati yenyewe ni pembetatu bapa: atomu moja ya kaboni katikati na oksijeni tatu pembeni, zimeshikana kwa kushirikiana elektroni. Pembetatu nzima ina chaji hasi na kalisi ina chaji chanya, basi huvutana na kujipanga safu kwa safu mpaka likapatikana jiwe.

Na mpango wa safu hizo una nguvu kuliko wengi tunavyodhani. Kalisi ile ile na kabonati ile ile, kwa kiasi kile kile, huweza kujipanga kwa namna zaidi ya moja. Matumbawe hufuata mpango uitwao aragonaiti, ambamo kila kalisi huzungukwa na oksijeni tisa. Fuwele hubanana, na sentimita moja ya ujazo huwa na gramu 2.93. Katika kalisaiti, ambayo ndiyo marumaru, oksijeni zinazoizunguka kalisi ni sita; uzito hushuka hadi gramu 2.71 na ugumu nao hupungua kidogo. Hata hivyo pande la tumbawe la jamii ya Porites likitolewa majini huchongeka kwa urahisi, kwa kuwa limejaa vitundu, kisha likikauka juani hukaza. Waashi walilijua hilo kwa mikono yao. Mihrabu ya Kizimkazi, kusini mwa Unguja, ina maandishi ya Kikufi yaliyochongwa katika tumbawe, yenye tarehe ya mwaka 500 Hijria, yaani 1107 Miladia, na herufi zake bado ni kali.

Ila mawe hayashikani yenyewe. Hapo ndipo mchoma chokaa anapoingia, na anachokifanya ni cha kustaajabisha: anakitengua kifungo cha jiwe ili aje akifunge tena mahali anapopataka yeye.

Hupanga magogo kwa duara, akalundika mawe juu, akawasha. Joto likikaribia nyuzi 900 za Selsiasi, pembetatu ya kabonati huvunjika. Kaboni huondoka na oksijeni mbili, ikawa hewa ya ukaa. Oksijeni moja hubaki na kalisi. Jiwe safi la kilo 100 hupoteza kilo 44 hewani, na zinazobaki ni 56. Ukiliangalia, umbo halijabadilika. Ukilinyanyua, ni jepesi na limejaa nafasi ndogo zilizoachwa na hewa iliyotoka. Moto ukiwa hafifu, kiini hubaki kibichi. Ukizidi mno, nafasi hizo huziba, na jiwe hukataa kunywa maji. Tanuu halikuwa na kipimajoto. Fundi alisoma rangi ya moto, akapima uzito mkononi, na mji mzima ukategemea hukumu yake.

Kisha chokaa huzimwa. Maji yakilifikia jiwe lililoungua, huchemka kwa joto la kuungana kwao, na jiwe hupasuka likawa unga mweupe laini. Kilo zile 56 hunywa 18 za maji, zikawa 74. Fuwele za sasa ni vibamba vyembamba vilivyolazwa juu ya vingine: ndani ya kibamba atomu zimeshikana imara, baina ya kibamba na kibamba mshikamano ni dhaifu, hivyo huteleza kama karata mkononi. Ulainifu mwashi anaousikia kwenye mwiko unatoka huko. Na chokaa iliyolazwa ndani ya maji kwa miezi huzidi kulainika, kwa kuwa vibamba vyake huzidi kuwa vidogo. Kwa chokaa ya namna hiyo mafundi wa Lamu na Pate walichonga zidaka, yaani vishubaka vya ukutani, safu juu ya safu, zenye nakshi ambazo mchanga mkavu wa saruji usingezikubali.

Ukutani huanza safari ya kurudi. Hewa ya ukaa huingia kidogo kidogo, huikuta chokaa, nayo huyafukuza maji na kuwa kabonati tena. Kilo 74 zinarudi kuwa 100. Jiwe limezaliwa upya, ila kwa mpango mwingine, kwani lililotoka baharini likiwa aragonaiti hukaa ukutani likiwa kalisaiti. Safari hii huanzia nje kwenda ndani, na katika ukuta mnene huchukua miaka. Tena haiendi bila unyevu, maana hewa hiyo sharti iyeyuke majini kwanza. Ndiyo sababu fundi mzuri hunyunyizia maji na kuufunika ukuta mpya usikauke haraka. Kwenye dari za mawe na boriti za mikoko watu walikusanyika kupiga sakafu kwa fimbo, siku nzima, kwa nyimbo, hadi chokaa ikashikamana. Walikuwa wakizisogeza chembe zikaribiane na kuufukuza upepo uliobaki katikati.

Ukuta uliojengwa hivyo ni laini kuliko wa saruji, na kwa maoni yangu hapo ndipo penye ubora wake. Nyumba ikitulia au kuinama kidogo, chokaa hukubali. Ufa mdogo ukitokea, maji ya mvua huyeyusha chokaa kidogo na kuiacha ndani ya ufa, ukazibika. Vitundu vyake huuacha mvuke utoke. Saruji ya Portland, ambayo Joseph Aspdin aliipatia hataza Uingereza mwaka 1824, imefungwa kwa silikati. Ni ngumu, haipindi, na vitundu vyake ni vyembamba mno. Naiheshimu kwenye madaraja na minara. Juu ya ukuta wa matumbawe hudhuru: unyevu hukwama nyuma yake, chumvi ya bahari iliyomo ndani ya jiwe hugeuka fuwele, fuwele hukua, na lipu hubanduka pamoja na uso wa jiwe lenyewe.

Sisemi turudi kuvunja miamba hai ya matumbawe wala kukata mikoko. Bahari imeshatoa vya kutosha. Mawe ya matumbawe ya kale yapo nchi kavu, na kemia yake haina tofauti na ile ya matumbawe hai.

Basi wewe mwenye nyumba ya mawe, Lamu, Mombasa, Pangani au Unguja, usikubali ukuta wako ubandikwe saruji kwa sababu inakauka kwa siku moja. Mtafute mwashi wa chokaa. Mlipe hata siku anazongoja, kwa kuwa kungoja nako ni kazi yake. Na kama una kijana nyumbani anayetafuta ufundi, mpeleke akae naye.