Mkono wa Aliyetangulia

Kazi inapomfikia, fundi mmoja ninayemfahamu haanzi na cherehani. Hukitandaza kitambaa mezani, akakipitishia kiganja polepole kutoka pindo hadi pindo, kisha akakigeuza na kuukagua upande wa ndani, ambao mshonaji wa kwanza hakutarajia utazamwe na mtu. Anaishi Louisville, katika jimbo la Kentucky, Marekani. Watu humletea mifarishi ya viraka ambayo bibi zao waliiacha njiani: viraka vimeshaungwa, lakini havijatiwa pamba wala bitana, na mwenyewe ameshazikwa. Mingine imelala sandukuni tangu miaka ya 1930. Yeye huimalizia kwa mashine. Nimemtazama sana akiwa kazini, na sijaona ufundi mwingine unaomdai mtu ajizuie kiasi hiki.

Majira fulani ya baridi alikuwa na mfarishi wa mtindo ambao Wamarekani huuita Bustani ya Bibi, wa vipande vidogo vya pembe sita vinavyozungushwa mpaka vikafanya maua. Zama za mdororo mkubwa wa uchumi, wenye viwanda vya unga na vya chakula cha mifugo walikuwa wakifungasha bidhaa zao katika magunia ya pamba yenye nakshi, maana walijua akina mama watayashona magauni. Mabaki ya magauni hayo yakaingia kwenye mifarishi. Katika huu, maua ya katikati yalikuwa yameungwa kwa mishono midogo iliyonyooka, imara hata leo. Lakini kadiri unavyokwenda pembeni mishono inarefuka, inayumba, na pembe hazikutani tena. Mjukuu aliyeuleta alieleza kwamba bibi yake alikuwa akipoteza nuru ya macho. Akaomba sehemu ile ifumuliwe na kuungwa upya, ilingane na katikati.

Fundi alikataa. Alimshika mkono mjukuu yule, akamwekea kidole juu ya mshono uliopinda, akamwomba aufuate mpaka unapoishia. Mjukuu aliufuata, na hakuomba tena kitu kifumuliwe.

Kazi ngumu ikaanzia hapo. Ukingo ule ulijaa mawimbi, kwa kuwa kitambaa kilikuwa kingi kuliko nafasi yake. Fundi mwenye haraka angekata ziada au angeikunja ndani. Yeye aliisogeza sindano juu ya kitambaa kidogo kidogo, akizidisha mishono palipovimba na kuipunguza palipobana, mpaka mawimbi yakatulia. Cherehani yake ina shingo ndefu na hukaa juu ya reli. Mfarishi umevutwa kwenye fremu, na mashine ndiyo inayosogezwa kwa mikono miwili juu yake. Palipopinda mkono wa bibi, naye alipinda. Vipande vya kahawia vilimtia wasiwasi zaidi, kwani rangi nyingi za kahawia za zamani zilitiwa kwa chumvi za chuma, na chuma hicho huendelea kuila pamba hata sandukuni. Vilivyoanza kumong'onyoka alivifunika kwa wavu mwembamba usioonekana kwa mbali. Uzi aliouchagua ulikuwa wa pamba, usiozidi nguvu kitambaa chenyewe, ili siku ya kuvutana ukatike uzi, kitambaa kibaki.

Wapo wanaosema mashine ndiyo iliyoua kazi hii. Siwaafiki. Harriet Powers, aliyezaliwa utumwani Georgia mwaka 1837, alisimulia visa vya Biblia kwa viraka, na mfarishi wake mashuhuri una mishono ya mkono na ya cherehani pia. Unyonge ulipomkaba aliuuza kwa dola 5, baada ya kuomba 10. Inasimuliwa kwamba alirudi mara kadhaa nyumbani kwa aliyeununua, kuutazama tu. Mwaka 1989, katika maonyesho ya Paducah, huko huko Kentucky, tuzo ya juu ilikwenda kwa mara ya kwanza kwa kazi iliyoshonwa kwa mashine, ya Caryl Bryer Fallert, na wapenzi wa mshono wa mkono wakalalamika. Kinachonisikitisha mimi ni kingine. Leo kompyuta huiongoza cherehani, na nakshi ile ile ya manyoya huchorwa juu ya kila mfarishi kama muhuri wa posta, bila mtu kuugeuza kwanza atazame nani alishona na alishonaje. Mteja naye anautaka wiki ijayo.

Ipo pia mifarishi ya maombolezo. Mwaka 1942, katika kijiji cha Gee's Bend, Alabama, Missouri Pettway alikuwa amefiwa na mumewe. Alizichukua nguo za kazi za marehemu, zilizochakaa kwa shamba, akazishona mfarishi wa kujifunika, amkumbuke kwa namna hiyo. Madoa na mpauko wa jua viko mle mpaka leo. Kwetu pwani nguo za marehemu hutolewa sadaka, na ni jambo jema, thawabu humfikia. Lakini kanga za mama mara nyingi hubaki. Hakuna binti anayethubutu kuzigawa wala kuzivaa, zikakaa sandukuni na udi wake hadi nondo wakazimaliza.

Rafiki yangu wa Mombasa alizipeleka za mama yake kwa fundi huyu, zishonwe mfarishi. Mkasi haukushikwa siku ile. Fundi alitaka kwanza kusomewa jina la kila kanga, na kujua mama aliivaa lini, na nani alikusudiwa na maneno yale. Mchana ukaisha wakizungumza habari za majirani na mawifi ambao fundi hatawaona kamwe. Kazi ilipokamilika, hapakuwa na mshono hata mmoja uliopita juu ya herufi. Ungepitishwa kwa kompyuta, herufi zote zingetobolewa.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990, jumba la makumbusho la taifa la Marekani linaloutunza mfarishi wa Powers liliruhusu nakala zake zitengenezwe viwandani China, ziuzwe kwa bei nafuu. Washonaji walipinga kwa nguvu, na walikuwa na haki. Sasa umezuka mtindo wa kuikata mifarishi ya kale ili ifanywe makoti. Siwezi kuyapita makoti hayo dukani bila uchungu. Kazi ya misimu mingi hukatwa asubuhi moja, na sehemu iliyoshonwa kwa macho mabovu ndiyo hutupwa kwanza, kwa kuwa haikunyooka.

Mifarishi mingi ya zamani haina jina la mshonaji popote. Ndiyo maana fundi huyu hairudishi kazi kabla ya kushona kipande cheupe nyuma ya bitana, chenye jina la bibi, mahali alipoishi na mwaka. Lake haliandiki. Anasema kazi si yake. Hapo tu ndipo ninapotofautiana naye, na nimemwambia. Powers tunamfahamu kwa sababu aliyenunua mfarishi wake aliyaandika maelezo yake, kisa kwa kisa. Huyu hana mwanafunzi, wala hakuna anayeandika. Mishono yote iliyoyalaza mawimbi ya Bustani ya Bibi ni yake, na kitukuu atakayeigeuza bitana ile miaka hamsini ijayo hatakuwa na pa kumjulia.