Albamu iliyokanwa na mwenyewe: uzito wa muziki unatoka wapi?

Tafuta albamu ya With Sympathy ya bendi ya Ministry, ya mwaka 1983, uisikilize bila kuambiwa ni ya nani. Utasikia vinanda vya umeme vinavyong'aa, ngoma za kuchezeka, na kijana anayeimba kwa lafudhi ya Uingereza. Halafu weka The Land of Rape and Honey ya bendi hiyohiyo, ya 1988. Hiyo utaipunguza sauti kabla jirani hajagonga mlango. Miaka mitano tu hapo katikati!

Kiongozi wa bendi, Al Jourgensen, ni mzaliwa wa Havana na bendi ilianzia Chicago, kwa hiyo ile lafudhi ni ya kuigiza, na kusema kweli inachosha. Kwa miaka mingi ameikana albamu hii, akisema kampuni ya rekodi ndiyo iliyomsukuma kwenye ulaini ule. Mashabiki wengi wakalipokea neno lake jumlajumla: kinanda ni chepesi, uzito ni gitaa. Mimi sikubali, na fizikia iko upande wangu.

Kwanza, uzito wenyewe ni nini? Pita stendi ya Makambako, pale barabara ya Njombe na Songea inapoungana na ile ya Dar na Mbeya. Utakuta spika ya muuza dawa ya panya imefunguliwa hadi mwisho, inakwaruza. Pale amplifaya inadaiwa wimbi kubwa kuliko umeme ilio nao, basi vilele vya wimbi vinakatwa na kuwa bapa. Ingiza noti ya hezi 110, inatoka ikiwa na wenzake: 330, 550, na kuendelea. Ndiyo ule ukali.

Sasa ingiza noti mbili kwa pamoja, 110 na 165. Kwenye amplifaya safi kila moja inatoka na lake. Kwenye ile inayokata vilele, zinazaa. Mojawapo ya watoto ni hezi 55, noti nene ya chini ambayo hakuna aliyeipiga! Wapiga gitaa wa roki nzito wanaishi kwa hesabu hii, hata wale waliokimbia fizikia kidato cha pili.

Turudi 1983. Sintesaiza za wakati ule hazikukosa malighafi. Wimbi la umbo la msumeno, ambalo ni chakula chao cha kila siku, lina masafa ya noti ya msingi mara mbili, mara tatu, mara nne na kupanda. Sikiliza Revenge: besi ya kinanda na mpigo usioyumba, kama treni ya TAZARA ikishakolea mwendo. Chuma kipo pale. Ila waliochanganya sauti walikitandika kila chombo kitanda chake, kisigusane na kingine. Work for Love nayo imesafishwa mpaka haina harufu. Lawama yangu iko kwenye usafi huo na kwenye ile lafudhi. Kinanda hakina kosa.

Na ukitaka ushahidi, sikiliza Twitch ya 1986, waliyoifanya na Adrian Sherwood. Karibu yote ni mashine, na bado inakandamiza kifua. Hata 1988 mashine za ngoma hazikutupwa. Hadi sauti ya mwimbaji ilipitishwa kwenye mkwaruzo uleule.

Huku kwetu tuna singeli. Vijana wa Dar walichukua vinanda vya taarabu wakavikimbiza. Mkusanyiko wa Sounds of Sisso, kutoka studio ya Sisso kule Mburahati, ulitolewa 2017 na Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Nani atauita mwepesi? Nalisema hili kwa sababu kuna kijana Njombe sasa hivi anatengeneza midundo kwenye kompyuta, na kila siku anaambiwa akajifunze "ala ya kweli".

Mwaka 2025 Jourgensen mwenyewe alizirudia nyimbo za enzi zile kwenye The Squirrely Years Revisited, safari hii na magitaa. Weka Work for Love ya zamani, kisha hiyo mpya. Tumia hedifoni tafadhali, maana kispika cha simu hezi 55 hakizifikii.