Haki ya Jirani na Maghorofa ya Kariakoo

Kuna neno moja ambalo katika miji yetu limepewa madaraka kupita kiasi, nalo ni "maendeleo". Wakaazi wa mtaa wakikutana, wakaandika barua yao, wakaipeleka kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa au kwa mkurugenzi wa halmashauri kulalamikia jengo linaloinuka ubavuni mwa nyumba zao, jawabu wanalorejeshewa mara nyingi halihusu jengo. Wanaulizwa kama wao wanapinga maendeleo. Swali hilo hufunga midomo ya watu, kwani nani atakubali kuitwa adui wa maendeleo? Basi barua hutiwa jaladani, na zege humwagwa.

Makusudio ya makala haya ni kulipima jawabu hilo kwa mizani ya Sharia yetu, kwani twaona kuwa ni jawabu batili, na batili hii imekwisha kula roho za watu. Tutachukua mfano wa Kariakoo, Dar es Salaam, kwa sababu ni mahali Waislamu wengi wanapopajua, wengine kwa kuzaliwa na wengine kwa kununua, na kwa sababu yaliyotokea pale yanaweza kutokea Mwembe Tayari, Darajani au Ngamiani.

Jina la Kariakoo latokana na kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza waliopiga kambi hapo wakati wa Vita Kuu vya kwanza. Baadaye pakawa makao ya Waafrika wa mjini: viwanja vidogo vilivyopimwa kwa mistari iliyonyooka, na juu yake nyumba za Kiswahili, ukumbi katikati, vyumba vitatu huku na vitatu huku, ua nyuma wenye jiko na choo, na mbele baraza. Hatuzisifu kwa kuwa ni za kale. Paa zilivuja, na vyoo vya shimo vilijaa masika yakiingia. Lakini aliyezijenga aliifahamu Sura ya Nuur, hata kama hakuweza kuieleza: mgeni alikaa barazani asiingie ndani bila ya idhini, na wanawake walikuwa na ua wao ambao jicho la mpita njia halikuufikia. Palipotokea msiba turubai lilifungwa njiani, na mlango wa jirani ukawa mlango wa wafiwa.

Leo nyumba hizo zimebaki chache. Palipokuwa na paa moja la bati pamesimama ghorofa tano, nane, kumi na zaidi. Chini maduka, katikati stoo, juu watu. Barabara ni zile zile na upana wake ni ule ule. Ua uliokuwa stara sasa unatazamwa kutoka madirisha arubaini. Wala sisi hatuichukii biashara; Kariakoo ni soko linaloletea riziki watu wa Tanzania nzima na wafanyabiashara wa Kongo, Zambia, Malawi na Visiwa vya Ngazija, na masahaba wakubwa walikuwa wachuuzi. Tunalohoji ni jengo kupandishwa juu ya ubavu wa jirani bila ya jirani kuulizwa.

Hoja ya kwanza ya mwenye jengo huwa ni hii: kiwanja ni changu, hati ninayo, kibali ninacho. Jawabu lake limo katika kisa cha Samura bin Jundub, alichokipokea Abu Daud. Samura alikuwa na mitende ndani ya bustani ya mtu mmoja wa Answari. Mitende ilikuwa yake, hakuna aliyebisha. Lakini kila alipoiendea aliwaingilia watu wa nyumba ile, wakapata taabu. Mwenye bustani akamwomba amwuzie, akakataa. Akamwomba wabadilishane, akakataa. Shauri likapelekwa kwa Mtume (S.A.W.). Naye akamtaka Samura auze, akakataa, abadilishe, akakataa, atoe kwa hiari yake apate thawabu, akakataa. Hapo Mtume akamwambia kuwa yeye ni mtu wa kudhuru wenzake, na akamruhusu mwenye bustani aing'oe mitende ile.

Msomaji autazame mpangilio wa hukumu hii. Hapakuanzwa na shoka. Yalitangulia mazungumzo, mara tatu, baina ya watu wawili waliokalishwa mbele ya mwenye mamlaka. Lakini pia haikusemwa kwamba milki ni milki na shauri limekwisha. Milki ya Samura ilikuwa sahihi, na bado iling'olewa.

Wako watakaosema, nao wana haki ya kusema, kuwa sisi watu wa pwani tu wafuasi wa Imam Shafi, na madhehebu haya hayambani mwenye mali kama wanavyombana wanavyuoni wa Maliki. Hilo ni kweli kwa kiasi chake. Lakini waliosoma Minhaj ya Imam Nawawi, kitabu kilichodurusiwa misikitini mwetu toka zamani, wanajua kuwa ruhusa ile haikuachwa wazi. Mtu huitumia milki yake kwa kadiri ya ada. Akiivuka ada, madhara yatakayotokea ni juu yake kuyalipa. Mtu kuchimba shimo la choo kwake ni ada. Kuchimba chini ya nguzo za jengo lililokwisha simama, lenye watu juu yake, ili kupata duka la chini ya ardhi, hiyo ni ada ya nchi gani?

Na hapa ndipo penye uzito wa jambo lenyewe. Ada haiteremki kutoka mbinguni. Ada ni yale watu waliyoyazoea wakayanyamazia. Mtu wa kwanza akivuka mpaka ni mkiukaji. Akinyamaziwa, wa pili humwiga, na wa tatu husema kuwa hivyo ndivyo mambo yafanywavyo hapa. Kwa njia hii ukiukaji hugeuka ada, na aliyedhulumiwa hapati tena pa kushika, hata katika vitabu vya fikihi. Kwa hiyo wakaazi wanaoandika barua wanailinda ada isiharibiwe, na ofisa anayeitia barua ile jaladani, ajue asijue, anatunga ada mpya kwa niaba ya mji mzima. Ndiyo maana hatukubali kuwa barua za wakaazi ni usumbufu wa wazee wasiokuwa na kazi.

Yafaa pia tukumbuke yale ya Misri katika ukhalifa wa Sayyidna Umar (R.A.). Ibn Abdil-Hakam asimulia kuwa Kharija bin Hudhafa alijenga chumba cha juu katika mji wa Fustat, na habari ikamfikia Umar Madina. Umar hakumwandikia gavana wake, Amr bin Al-As, avunje papo hapo, wala hakumwambia aunde kamati. Alimwagiza aingie chumbani, aweke kitanda, asimamishe juu yake mtu asiye mrefu wala mfupi. Mtu huyo akiweza kuchungulia nje, chumba kibomolewe. Tazama jinsi haki ya jirani ilivyopimwa kwa kitanda na kimo cha mtu! Gavana wa nchi nzima aliamrishwa aende mwenyewe akapime kabla ya kuhukumu. Nasi tunao wakaguzi wa majengo wanaolipwa kwa kazi hiyo.

Matokeo ya kutopima tumekwisha kuyaona. Tarehe 29 Machi 2013 jengo refu lililokuwa likijengwa katikati ya Dar es Salaam, Mtaa wa Indira Gandhi, pembeni mwa msikiti, liliporomoka na watu 36 wakafa, na watoto waliokuwa wakicheza karibu walikuwa miongoni mwa waliofukiwa. Tulilia, tukazika, tukaambiwa kuwa majengo yatakaguliwa. Miaka 11 ikapita. Tarehe 16 Novemba 2024, siku ya Jumamosi asubuhi, maduka yakiwa wazi, jengo la ghorofa nne lilianguka Kariakoo, Mtaa wa Mchikichi. Kwa siku kadhaa waokoaji walisikia sauti za watu walio hai chini ya kifusi. Waliokufa hawakupungua 29. Rais Samia Suluhu Hassan aliamuru majengo yote ya Kariakoo yakaguliwe.

Amri ile ilikuwa njema, na ilikuja kutoka ngazi ya juu kabisa ya dola. Lakini kwa nini ilibidi itoke huko? Mtu anayepanga chumba ghorofa ya pili huona ufa ukutani kabla ya Rais. Muuza chai wa barazani husikia nyundo usiku chini ya sakafu. Hao ndio macho ya mji, nao hawana pa kulipeleka wanaloliona. Mwenyekiti wa mtaa anapigiwa kura. Ana muhuri wa kuandikia barua za utambulisho, na watu hufika kwake kushuhudiwa mauziano. Lakini kibali cha ujenzi hutolewa halmashauri, na jengo likianza kupanda mara nyingi mwenyekiti analitazama kama tunavyolitazama sisi. Kisha siku 11 tu baada ya maafa yale ya Kariakoo, tarehe 27 Novemba 2024, Tanzania Bara nzima ilipiga kura za serikali za mitaa. Ni nani kati ya waliochaguliwa Kariakoo aliyepewa uwezo wa kusimamisha hata kigogo kimoja cha kiunzi?

Isisemwe kuwa sheria hamna. Katiba ya Jamhuri ya Muungano, katika Ibara za 145 na 146, imeziweka serikali za mitaa ili madaraka yawafikie wananchi. Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007 yataka wenye ardhi wa eneo wasikilizwe mpango unapoandaliwa. Anayetaka kubadili matumizi ya kiwanja hutangaza gazetini ili mwenye pingamizi alete. Yote haya ni mazuri. Ila bibi wa Mtaa wa Narung'ombe hanunui gazeti, na lau angenunua, tangazo lile limeandikwa kwa namba za viwanja na vitalu ambazo hata mjukuu wake wa sekondari hataambua kuwa ni nyumba ya pili kutoka kwao. Kutangaza namna hii ni kutimiza sharti la karatasi, na jirani hajaulizwa.

Tukigeukia upande wetu, hali si njema zaidi. Nyumba nyingi za Kariakoo hazikuporwa. Ziliuzwa, na waliouza ni warithi. Mzee anafariki, arubaini haijaisha, watoto wameshagawanyika makundi mawili na dalali ameketi barazani. Dada hushirikishwa siku ya kutia kidole gumba. Mnunuzi hujulikana na jirani siku ya kubomoa ukuta wa pamoja. Wengine huingia ubia: mwenye kiwanja atoe ardhi, mwenye fedha ajenge, kisha wagawane ghorofa. Mkataba wa namna hiyo waweza kuwa halali kabisa, lakini aliyeuingia hana uso wa kulalamikia ghorofa la mwenzake. Na misikiti yenyewe, baadhi yake imepandishwa juu na kuzungushiwa maduka pande zote, na kamati zake haziulizi kwa jirani zaidi ya anavyouliza mfanyabiashara. Tutawaambiaje halmashauri?

Bukhari amepokea kisa cha Abu Rafi, aliyekuwa mtumwa akaachwa huru na Mtume (S.A.W.). Alikuwa na makao mawili ndani ya boma la Saad bin Abi Waqqas, akamtaka Saad ayanunue. Saad akasema hatazidisha dirham elfu nne, tena kwa kulipa kidogo kidogo. Abu Rafi alikuwa amekwisha pewa ahadi ya dinari mia tano na mtu mwingine, bei iliyo bora. Akamwuzia Saad, akasema kuwa lau asingalisikia kwa Mtume kwamba jirani ana haki zaidi kwa ujirani wake, asingalikubali. Wanavyuoni wamekhitilafiana kama jirani asiye mshirika ana haki ya shufaa. Mahanafi wanampa, Mashafi hawampi. Lakini hakuna madhehebu yanayokataza kumbishia hodi jirani na kumwambia: nauza, wewe wasemaje?

Basi wakaazi wanapoiandikia halmashauri yao, na waiandikie, wasiishie kuomba kwamba mtaa "ulindwe", neno ambalo kila ofisa aweza kuliitikia bila ya kuinuka kitini. Wadai mambo yanayoshikika. Jirani wa ukuta kwa ukuta aitwe kwa jina, si kwa gazeti, kabla ya kibali kutiwa saini, na maneno yake yaandikwe ndani ya jalada lile lile. Mwenyekiti wa mtaa apewe nakala ya kila kibali na ya mchoro wake, na awe na uwezo wa kusimamisha kazi hadi mkaguzi afike, kwa siku zilizohesabiwa ili asije akaugeuza uwezo huo kuwa mlango wa rushwa, kwani hilo nalo tunalijua. Na ule ubao unaosimamishwa mbele ya ujenzi, wenye majina ya mkandarasi na mhandisi, uandikwe kwa Kiswahili na kwa herufi kubwa idadi ya ghorofa zilizoruhusiwa, za juu na za chini ya ardhi, ili mtoto anayetoka chuoni aweza kusimama njiani, akahesabu kwa kidole, na akifika ya tano palipoandikwa nne, aende akamwambie baba yake.