Nukta za Mzee Pilipili

Watu wengi husifu samaki wa mchoraji Pilipili Mulongoy. Mimi husimama zaidi pale palipo kati ya samaki na samaki. Mahali ambapo mchoraji mwingine angepaka buluu kwa mipigo miwili mitatu ya brashi akaenda zake kunywa chai, yeye amejaza nukta, moja baada ya nyingine, hadi maji yenyewe yanaonekana kutembea.

Pilipili alizaliwa mwaka 1914, akafariki Lubumbashi, Kongo, mwaka 2007. Alikuwa miongoni mwa wachoraji wa Hangar, karakana aliyoifungua Mfaransa Pierre Romain-Desfossés mwaka 1946, mji huu ungali ukiitwa Elisabethville. Bwana huyo hakuwatia vijana wake kwenye kanuni za Ulaya, wala hakuwawekea picha za kunakili. Aliwapa vifaa, akawaacha wachore wanachokijua: mto, nyika, ndege kwenye kiota, nyoka anayenyemelea.

Katanga, jimbo la mji huu, ilikuwa na rangi ya maji kwenye karatasi hata kabla ya Hangar. Mwaka 1926, huko Bukama, Mbelgiji Georges Thiry alivutiwa na michoro ya kuta za nyumba, ile inayofutwa na mvua, akampa Albert Lubaki karatasi na rangi. Mwaka 1929 kazi za Lubaki zikaonyeshwa Brussels. Lubaki alitumia akvareli, rangi nyepesi inayoruhusu mwanga kupita, na watu na wanyama wake wamesimama katikati ya weupe wa karatasi. Pilipili haachi weupe. Kila pembe ina kazi.

Katika michoro yake ya gwashi, kazi hiyo unaweza kuisoma tabaka kwa tabaka. Gwashi nayo ni rangi ya maji, ila nzito. Hufunika, hata nyeupe ikakaa juu ya nyeusi. Lakini ina kisirani chake: ikishakauka, tone la maji huiamsha tena. Brashi ikilowa kupita kiasi, rangi ya chini hupanda na kuichafua ya juu. Ndiyo maana anayeitumia hulazimika kungoja, na hapa kwetu kungoja kuna majira yake. Katikati ya mwaka, hewa ni kavu na tabaka halichelewi kushika. Masika yakiingia, karatasi hubaki na unyevu, na mwenye haraka ataharibu kazi.

Kwanza huja rangi ya chini, imetandazwa sawasawa. Ikikauka, mimea ya majini: shina kwa mpigo mmoja mrefu, kisha majani, kila jani likianza nene kwenye shina na kuishia ncha pale brashi inapoinuliwa. Halafu samaki. Umbo zima hupakwa rangi moja, bila jicho, bila pezi lililopambwa. Juu yake, baada ya kukauka, magamba kwa ncha ya brashi nyembamba, safu kwa safu, yakipungua ukubwa kuelekea mkiani. Mistari ya mapezi hufuata. Jicho ni duara jeupe na nukta nyeusi, na hapo samaki anakuangalia.

Wengi wetu tungetia sahihi hapo. Kwa Pilipili bado kuna ile sehemu ndefu. Brashi inachovywa, inakamuliwa ukingoni mwa kikopo ibaki na unyevu kidogo tu, na ncha inaguswa kwenye karatasi mara moja. Haisuguliwi, hairudiwi. Tazama karibu na tumbo la samaki: nukta zinakwenda sambamba na mzingo wake, kisha zinasimama kabla ya kuugusa, na hapo kati panabaki uzi mwembamba wa rangi ya chini. Uzi huo ndio unaomtenga samaki na maji.

Wenzake walikuwa na mikono tofauti. Bela aliacha brashi kabisa akachora kwa ncha za vidole. Mwenze Kibwanga alijenga wawindaji na wanyama kwa vistari vifupi vilivyolaliana kama ukindu wa mkeka. Ni jambo la kushangaza kwamba karakana moja, chini ya paa moja, haikuzaa hata wawili wanaochanganyikana.

Romain-Desfossés alifariki mwaka 1954. Wachoraji wake wakaingia kwenye chuo cha sanaa alichokianzisha Laurent Moonens, na Pilipili akafundisha humo. Samaki wake si wagumu kuiga. Kijana mwenye mkono mzuri atawapata. Ukiletewa mchoro ukaambiwa ni wake, waache samaki. Angalia kona ya chini, pale mkono unapokuwa umechoka na jicho linataka kumaliza. Kwa mwigaji, nukta za hapo huanza kutawanyika na kunenepa. Kwa Mzee Pilipili zina nafasi ileile na uzito uleule kama zile zilizo katikati.