Tuzo Tunazo, wa Kutusomea Rasimu Je?

Nilihudhuria warsha ya ushairi ya siku mbili hapa Dar es Salaam nikiwa na miaka ishirini na mbili. Tulikuwa vijana kama ishirini, tumepewa madaftari, kalamu na chai ya saa nne. Mada ilikuwa imeshachaguliwa na mfadhili kabla hatujafika, nayo ilikuwa mazingira. Mimi nilikuwa na tarbia yangu isiyohusu mazingira hata kidogo. Mchana wa siku ya pili nikajipa moyo, nikampelekea mwezeshaji. Akaipitia akihesabu kwa vidole. Akafika mshororo wa tatu wa ubeti wa pili:

Mama katoka sokoni, sokoni alikotoka.

Nane kwa nane. Vina vimekaa. Akaandika “Safi” pembeni, akapokea daftari la mwenzangu. Jioni nikarudi nyumbani na cheti.

Sitaitaja warsha hiyo, wala simlaumu yule mwezeshaji. Ishirini sisi, siku mbili, angefanya nini? Ila cheti kile kimenifanya niwe mgumu kuridhika kila ninaposikia kwamba fulani ameanzisha programu ya kukuza washairi vijana. Swali langu huwa moja tu: shairi la kijana litasomwa mara ngapi, na mtu yuleyule?

Kwenye mazungumzo ya namna hii mfano unaotajwa sana ni wa Uingereza, na ni mfano mzuri, japo nadhani tunausoma vibaya. Mwaka 2005 ripoti iliyoitwa Free Verse ilionyesha kuwa chini ya asilimia 1 ya vitabu vya ushairi vilivyotolewa na wachapishaji wakubwa wa huko vilikuwa vya washairi weusi na wenye asili ya Asia. Bernardine Evaristo, ambaye ndiye aliyechochea uchunguzi huo, akaanzisha The Complete Works. Walichukuliwa washairi kumi kwa awamu, awamu tatu, jumla thelathini. Kila mmoja akapewa mshairi mzoefu wa kumlea, na kila awamu ikatoa diwani ya pamoja. Yaliyofuata yanajulikana. Sarah Howe na Roger Robinson kila mmoja alipata Tuzo ya T. S. Eliot. Kayo Chingonyi, aliyezaliwa Zambia, akapata ya Dylan Thomas. Warsan Shire, mzaliwa wa Kenya kwa wazazi Wasomali, naye alipita humo, na baadaye Beyoncé akayatumia maneno yake katika Lemonade.

Orodha hii ndiyo inayowavutia wafadhili. Washairi thelathini, tuzo kibao, hesabu imefunga. Lakini tazama nani walikuwa katika awamu ya kwanza: Malika Booker na Roger Robinson. Hao hawakufika mikono mitupu. Tangu 2001 walikuwa wamekwisha kuanzisha kikundi cha washairi kilichokutana jikoni kwa Malika, Brixton, kusini mwa London. Kikaitwa Malika’s Poetry Kitchen kwa sababu kweli kilikuwa jikoni. Watu walikuja na mashairi yao, wakayasoma, wakaambiwa ukweli, wakarudi tena. Programu yenye ruzuku na jina ilikuja miaka kadhaa baadaye, ikakuta watu waliozoea kupasuliwa mashairi yao bila kulia. Sidharau kilichofanywa na Evaristo. Aliwafungulia mlango ambao jiko lisingeweza kuufungua. Nasema tu kwamba anayetaka kuuiga mlango bila jiko atabaki na mlango uliosimama uwanjani.

Halafu kuna hasara ambayo mashabiki wa programu hizi hawapendi kuitaja. Malezi ya pamoja huzaa sauti ya pamoja. Nikisoma mashairi ya vijana waliopita katika warsha, ya Kiingereza hasa, na siku hizi hata ya Kiswahili, mara nyingi naitambua warsha kabla ya kumtambua mshairi. Kuna bibi. Bibi ana mikono. Mikono inanukia kiungo fulani. Kuna lugha iliyopotea mdomoni, kuna maji, na shairi linaishia kwa sentensi fupi inayoshusha sauti ili wasikilizaji waseme “mmh”. Si mashairi mabaya. Yamelelewa na watu walewale kwa vitabu vilevile, basi yanafanana kama watoto wa shule moja waliovaa sare. (Na mimi ninalo shairi la bibi. Nimelifungia.)

Turudi kwetu. Mtu akisema Kiswahili hakina lolote kwa mshairi anayechipukia, atakuwa amekosea. Kwa tuzo hatujambo. Tuzo ya Ushairi ya Ebrahim Hussein ilitokana na wosia wa mtengeneza filamu Gerald Belkin, na mashairi teule yamekuwa yakikusanywa na Mkuki na Nyota katika diwani za tuzo hiyo. (Inachekesha kidogo kwamba tuzo ya ushairi imebeba jina la mtu tunayemjua zaidi kwa tamthilia, ila Kinjeketile ina ushairi wa kutosha.) Mwaka 2014 Lizzy Attree na Mukoma wa Ngugi walianzisha tuzo ya Mabati-Cornell, ambayo baadaye ilichukua jina la Safal. Serikali ya Tanzania nayo ina Tuzo ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, yenye kipengele cha ushairi.

Nazishukuru zote. Lakini tuzo ni mavuno. Jaji anapokea mswada uliokwisha, anausoma, anaupa alama. Mohammed Khelef Ghassani aliposhinda kwa N’na Kwetu mwaka 2015, jopo halikumfundisha kuandika. Lilimkuta mtu mzima, mwandishi wa habari, aliyebeba lugha ya Pemba hadi ugenini Ujerumani. Lilifanya kazi yake, likamwona. Na yule aliyeshindwa kwa mshororo mmoja mlegevu? Huyo hapokei chochote. Hatajua kama alikosa kwa kipaji, kwa mizani au kwa sababu aliandika juu ya jambo asilolijali. Mwakani atatuma tena, na kosa lilelile.

Kinachoniuma ni kwamba jiko hili tulikuwa nalo. Gazeti la Mambo Leo, lililoanza 1923, lilichapa mashairi ya wasomaji, na mashairi yale yalijibiwa. Mtu wa Tanga akitunga, mtu wa bara anamjibu kwa vina vilevile, anamtania, anamkosoa, na wa tatu anaingia kuamua ugomvi. Kabla ya magazeti, Muyaka bin Haji wa Mombasa alitupiana beti na washairi wa Lamu wakati miji yao ikigombana. Majibizano ni namna kali ya kusomwa. Huwezi kumjibu mtu kwa vina vyake bila kuwa umemsoma neno kwa neno, na ukijua utajibiwa hadharani, unafikiri mara mbili kabla ya kujaza mshororo kwa maneno matupu. Sisemi ilikuwa pepo. Wanawake walikuwa wachache katika kurasa zile, na mabishano mengine yalikuwa ya majivuno tu.

Kisha kikaja kitabu. K. Amri Abedi alitoa Sheria za Kutunga Mashairi mwaka 1954, kitabu chenye manufaa makubwa, na nadhani hatukumtendea haki. Tulichukua sheria tukauacha utunzi. Shuleni shairi likawa kitu cha kuhesabiwa: beti ngapi, mizani mingapi, bahari gani. Euphrase Kezilahabi alipotoa Kichomi mwaka 1974 kwa mashairi yasiyofuata vina wala mizani, ugomvi ukawaka kati ya wanamapokeo na wanamabadiliko, na bado una makaa. Ajabu ni kwamba pande zote mbili zimetuachia udhaifu uleule katika kulea vijana. Mmoja hukuambia shairi lako ni zuri kwa kuwa limetimia mizani, mwingine kwa kuwa limeikataa. Hakuna anayekuuliza ulitaka kusema nini.

Aliyeniuliza mimi alikuwa mzee mmoja rafiki wa baba mdogo, aliyetunga magazetini miaka ya sabini na hana kitabu hata kimoja. Nilimkuta kibarazani kwake akichambua mchele. Nikamsomea. Nilipofika mshororo wa tatu akanyanyua mkono.

“Mwanangu, huyo mama umemtoa sokoni mara mbili.”

Nikamwambia ndiyo, babu, mizani.

“Mizani nimeisikia. Kabeba nini?”

Nikanyamaza. Nilijua alichobeba. Mwaka baba alipoachishwa kazi, mama alikwenda sokoni na cherehani yake, akaiacha kwa mwenye duka mmoja ili tulipiwe ada, na haikurudi nyumbani tena. Sisi watoto tulikatazwa kulizungumza. Ule utao wa mshororo, mizani minane isiyosema kitu, ulikuwa umekaa palepale cherehani ilipotakiwa kukaa. Nilidhani najaza nafasi, kumbe naficha.

Hapo ndipo ninapozipimia programu zote. Yule mzee hakunipa nadharia, hakunipa mada, hakunipa cheti. Alinisikiliza taratibu kiasi cha kusikia tundu. Angeweza kufanya hivyo kwa vijana watano, labda sita, siyo ishirini kwa siku mbili. Na lazima niwe na mahali pa kurudi wiki ijayo na mshororo mwingine, maana wa kwanza kuandikwa baada ya swali kama lile mara nyingi huwa mbaya zaidi. Wangu ulikuwa na machozi matatu.

Wanaotoa fedha watasema mambo haya hayapimiki. Kweli, ni vigumu kuandika katika ripoti kwamba kijana mmoja amebadilisha mizani minane kwa miezi mitatu. Lakini fedha za warsha moja ya siku mbili, pamoja na ukumbi, mabango na fulana, zingewalipa wazee watatu wa aina ile nauli na chai kwa muda mrefu sana, na zikabaki za kuchapa kijitabu. Mkoani kuna washairi wa namna hiyo waliokaa tu, wanachambua mchele, na tunawaalika siku ya sherehe ili wafungue kongamano kwa utenzi.

Mshororo wangu sasa unasomeka hivi: Mama katoka sokoni, cherehani kaiweka. Ni mizani ileile, vina vilevile. Nilimpelekea babu Alhamisi iliyopita. Akausikiliza, akacheka kidogo alipoisikia rehani imejificha ndani ya cherehani, jambo ambalo mimi sikuwa nimeliona. Kisha akaniomba nirudie ubeti mzima, akafumba macho.

“Wa nne bado,” akasema. “Njoo Alhamisi.”